Sponji Nyeusi na Kantini ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Nyota yangu imeng'aa. Kiwandani nimetumwa kutupa masalio, nikakuta mabamba meusi, mepesi kama mkate mkavu, yenye matundu tele. Injinia akasema hilo ni povu la kaboni, wanalikata na kulitia kwenye kompyuta na taa kubwa. Akaanza kunieleza habari za joto. Nikamwambia asijisumbue. Sponji ni sponji. Godoro langu ni la sponji, na jinsi linavyotunza joto sihitaji kufundishwa na mtu. Akaniruhusu nichukue mabaki. Maskini, hajui alichogawa.

Mama mkwe ana kantini getini pa kiwanda. Miguu yake imechoka, anastaafu wiki ijayo. Ataiachia kantini mmoja wetu: mimi, mume wa binti yake, au shemeji, mwanawe wa kumzaa, fundi kompyuta mwenye miwani na maneno ya kuhesabika. Wateja wana lalamiko moja tu: chakula kinapoa kabla foleni haijaisha. Atakayelimaliza hilo, kantini ni yake. Namwonea shemeji huruma.

Jumanne, 5 Machi

Nimekata mabamba kwa kisu cha mkate. Yanakatika vizuri, yanamwaga vumbi jeusi. Nimeyapanga ndani ya sanduku la bati, nikaacha nafasi ya sufuria katikati. Mke wangu akauliza shuka zake zimeingiaje mkaa. Nikamwambia mke wa meneja hababaiki na shuka. Akauliza meneja wa nini. Atajionea.

Shemeji naye akapita. Akagusagusa bamba, akauliza kama najua kazi yake. Nikamwambia najua kuliko yeye. Akatabasamu, akaomba kipande. Nikampa. Anayeshindwa naye asiondoke mikono mitupu.

Alhamisi, 7 Machi

Jaribio, mbele ya mama mkwe na foleni nzima. Sufuria ya wali imetoka jikoni ikifuka moshi. Nikaitumbukiza sandukuni, nikafunika, nikawasha feni ili wateja wapate hewa, nikatoa hotuba kuhusu watu wenye kuona mbali. Hotuba ilikuwa nzuri. Ilikuwa ndefu pia.

Katikati ya hotuba mama mkwe akaegemea sanduku, akaruka. Bati lilikuwa la moto kama pasi. Nikamtuliza kwamba hiyo ni dalili njema, joto lipo. Akauliza, kama joto lipo nje, ndani kumebaki nini. Swali la uchokozi.

Tulipofunua, dereva wa lori aliyekuwa wa kwanza akauliza kama huo ni wali wa jana. Mama mkwe akaonja kijiko kimoja, akafunika, akaondoka bila neno. Angenitukana ningepata nafuu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kumlalamikia injinia. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba alitaka kunieleza tangu Jumatatu. Sponji ya godoro imefungia hewa, ndiyo maana joto halipiti. Hii ni kaboni, joto linapita ndani yake upesi kuliko kwenye chuma, na matundu yake yanapitisha upepo. Inalinyonya joto upande mmoja na kulimwaga upande mwingine. Akanishikisha kipande, akaweka barafu juu yake. Barafu ikayeyuka huku naiangalia, vidole vyangu vikafa ganzi.

Nimemshukuru sana. Sasa nimeelewa kila kitu. Kosa lilikuwa la sanduku.

Jumamosi, 9 Machi

Friji ya soda ya mama mkwe ilikuwa na tabia ya kuzimika mchana, mota ikipata moto. Shemeji ameibandika sponji kwenye mota. Sponji yangu! Friji imeshinda ikinguruma, soda zikatoka baridi, wateja wakamsifu fundi. Mama mkwe akamkabidhi funguo. Mimi nimepewa masufuria. Kuyaosha, si kuyapikia.

Imeniuma. Nimekaa nyuma ya jiko nikalia, mke wangu alipotokea nikasingizia vitunguu. Vitunguu havikuwepo.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe amekuja chumbani kwetu. Akasema mimi ni mwanawe vilevile, yamekwisha, ila nisimwonyeshe tena kitu cheusi. Nimeguswa moyoni. Nikaitazama mikono yake, imejaa makovu ya kuungua. Miaka yote hiyo anainua masufuria kwa vitambaa vilivyochakaa, na huyo fundi wake wa friji hajawahi kuliona hilo.

Kesho anapika mara ya mwisho, kutuaga. Nimemshonea zawadi: glavu za kushikia sufuria ya moto. Nene, nyepesi, zinapendeza. Nje kitambaa cheupe, asije akashtuka. Ndani nimejaza sponji yote iliyobaki.

Shemeji ameniuliza nimejaza nini. Sikumwambia. Safari hii haniibii mtu wazo.