N ni Nenda

Jumatatu, 8 Julai 1996

Leo nimeokoka! Au nimekwisha. Bado sijajua ni lipi.

Treni ya Tabora imeingia na gari la Mzee Ngusa juu ya behewa. Saluni nyeupe ya Kijapani, viti bado vina nailoni. Mzee Ngusa ni Msukuma wa Kabungu, ng'ombe wake hata yeye hajui idadi yao. Gari ameliagiza kwa jambo moja tu. Jumamosi binti yake Nyanzala anaolewa hapa Mpanda mjini, na mzee ameapa kwamba huyu hatafika kanisani juu ya trela la trekta kama dada zake.

Shida: gari lina pedeli mbili. Hakuna klachi! Mpwa wake aliyelipakia kwenye treni amebaki hukohuko Dar, wa kumuuliza hayupo. Watu wakachungulia kwa zamu. Lyamba, fundi mwenye gereji karibu na soko na mdomo mkubwa kuliko gereji yenyewe, akatangaza kwamba Wajapani wamesahau kufunga pedeli moja. Hapo na mdomo wangu ukafunguka. Nikasema hiyo inaitwa otomatiki, nilizisomea Dar es Salaam.

Dar nilikaa siku tisa, mwaka 1988. Siku nane kati ya hizo nilikuwa na malaria.

Mzee Ngusa akanishika bega, akaniita ng'wanawane, mwanangu. Akasema nikimfikisha Nyanzala kanisani kwa gari hilo, kwenye banda lake la mabati pale stendi nitafanyia kazi mimi, mpaka nizeeke. Banda! Miaka kumi na moja natengeneza magari uani kwangu, juani na mvuani, wateja wanakalia kinu cha mke wangu. Lyamba alicheka mpaka akakohoa. Acha akohoe.

Gari tumelisukuma mpaka nyumbani.

Jumanne, 9 Julai

Asubuhi nzima nimekaa ndani ya gari, vioo juu, ili wapita njia waone nafanya kazi. Joto!

Kando ya mti wa gia kuna herufi. Hakuna aliyenisaidia, nimezisoma kwa akili yangu mwenyewe. P: Pumzika. R: Rudi. N: Nenda. D: Dharura, hiyo hata kuigusa sitaigusa, labda ni ya siku gari linashika moto. Ya 2 maana yake abiria wasizidi wawili. L: Lala, ya usiku. Wajapani wana adabu jamani, kumbe wametuandikia Kiswahili!

Nimeweka P, nikawasha. Likapumzika vizuri kabisa. Nikaweka R. Likarudi! Nusura niingie chooni na gari. Nilipiga kelele ya furaha hadi Scolastica, mke wangu, akatoka jikoni na mwiko.

Basi nikaweka N. Nikakanyaga mafuta. Likanguruma, uwanja ukajaa moshi, kuku wakakimbia. Halikwenda hata hatua. Nikakanyaga tena. Wapi! Kurudi linarudi, kwenda haliendi. Nenda imekufa. Ni giaboksi hiyo, hakuna kingine.

Nimemtumia Mzee Ngusa salamu kwamba ugonjwa nimeuona, asiwe na wasiwasi.

Jumatano, 10 Julai

Nimechomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Mekundu! Miaka yote hii mafuta ya gia niliyoyaona ni meusi. Haya yameoza na safari ya treni, nikasema. Nikaingia chini, nikafungua nati, nikayamwaga yote kwenye migomba. Lyamba akachungulia juu ya uzio, akauliza kwa upole wa kinafiki kwa nini mgonjwa wangu anatoka damu. Nikamwambia aende akatafute pedeli yake.

Mchana nikakuta kijitabu kwenye kisanduku cha mbele. Kimeandikwa Kijapani, ila picha haina lugha. Picha ya kijiti. Picha ya tone la mafuta. Tone jekundu.

Mungu wangu. Yalitakiwa yawe mekundu!

Nimezunguka maduka yote ya Mpanda. Mafuta ya injini yapo, ya breki yapo, mekundu hakuna. Treni nyingine itafika harusi imeshapita. Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Nikakaa juu ya kinu. Nikaona aibu ya kweli.

Halafu upepo ukaleta harufu kutoka jikoni. Scolastica anakaanga maandazi. Anakaangia mawese.

Mawese ni mekundu.

Alhamisi, 11 Julai

Nimemimina lita nne za mawese, nimechuja kwa kitambaa cha kanga. Usafi ni jambo la kwanza. Nikaweka N. Halikwenda. Nikajilaza kwenye usukani, nikalia kidogo. Ndiyo, nimelia, hili daftari ni langu.

Sista Hilaria wa misheni, anayeendesha gari la zahanati, alikuja kununua maandazi. Scolastica akamjibu kwamba leo hakuna, mafuta yameibiwa, huku akinitazama mimi. Sista akaja kuniuliza ninalilia nini. Nikamweleza habari za Nenda iliyokufa. Akashika mlango wa gari, akacheka mpaka rozari ikagonga bati. Akasema hizo ni herufi za Kiingereza. P ni kupaki. R ni rivasi. N ni nyutro, yaani free, hapo hata ukanyage hadi Krismasi gari haliendi. Ya kuendea ni D.

Nikaweka Dharura. Gari likaruka mbele likabomoa banda la kuku.

Linakwenda! Nimemkumbatia Sista, nikaomba radhi, nikakumbatia gari. Ndipo nikaelewa. Gari lilikuwa zima. Zima kabisa! Halikuwa na ugonjwa wowote mpaka lilipofika kwangu kutibiwa.

Sista akauliza mafuta ya giaboksi yapo? Nikasema yapo, mekundu. Huo si uongo. Akaniandikia kwenye karatasi jina la mafuta ya otomatiki, akasema nisithubutu kutia kingine, giaboksi hizi ni laini. Scolastica alinitazama hadi nikaingia tena chini ya gari bila kazi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimelipeleka Kabungu. Laiti mama angekuwa hai anione! Nimepita mbele ya gereji ya Lyamba mara tatu, ingawa njia ya Kabungu haipiti pale. Watoto walinifuata wakiuliza naenda wapi na maandazi. Kweli lilinukia.

Mzee Ngusa amelizunguka gari, kisha akachinja mbuzi. Nimeitwa fundi mkuu. Jioni Nyanzala akaja kunishukuru. Akasema baba yake hajalala wiki nzima, anaogopa wakwe wa mjini watasema yeye kazi yake ni kuswaga ng'ombe tu. Akasema, kaka Apollinarie, umemwondolea baba aibu.

Nilitaka kumwambia. Niliufungua mdomo kabisa, nikauziba kwa ugali.

Jumamosi, 13 Julai

Nimelala hukohuko Kabungu. Baridi ya alfajiri, ile ya Julai. Bibi harusi ameshapambwa, mzee amevaa koti. Nikaweka D. Hakuna kitu. Nikaingia chini, nikalegeza nati. Halikutoka hata chozi. Mawese yameganda!

Nikaomba jiko la mkaa. Niliwaambia kwamba otomatiki asubuhi lazima ipashwe moto, ndivyo Wajapani wanavyofanya. Karatasi ya Sista ndiyo niliyowashia. Nusu saa chini ya gari, macho yanatoka machozi ya moshi, nikiomba watakatifu wote ninaowajua na wengine niliowabuni. Likayeyuka. Likaenda!

Wengine walitangulia na trekta. Mimi na Nyanzala na baba yake nyuma. Safari ilikuwa nzuri mpaka tulipokaribia mji. Moshi. Harufu ya maandazi yaliyoungua. Gari likalegea, likasimama. D, hakuna. 2, hakuna. L, likalala kweli. Mzee Ngusa alitazama tu mikono yake. Ningependa angenitukana.

Nikasogeza R, basi tu, mkono ulienda wenyewe.

Likarudi.

Nikalizungusha gari kwa hiyohiyo R, mgongo ukaelekea mjini, tukaanza kwenda kinyumenyume. Shela ya bibi harusi ilikuwa imeziba kioo chote cha nyuma, sioni kitu. Nyanzala akaikusanya mapajani, akageuka, akaniongoza: kaka, kushoto, kaka, mbuzi hao, kaka, polepole. Anacheka! Baba yake akaanza kucheka naye. Tumeingia Mpanda hivyo, matako ya gari mbele, mpaka mlango wa kanisa. Nikadhani tutazomewa. Mama mmoja upande wa wakwe akapiga kigelegele, akasema ndivyo maharusi wa Dar wanavyoletwa siku hizi, bibi harusi anatangulia, dereva anafuata. Wote wakapokea. Vigelegele mpaka padri akatoka nje.

Lyamba alikuwepo. Kofia mkononi.

Jumapili, 14 Julai

Gari limekufa. Hata R haipo. Baada ya misa Scolastica amesema nikamwambie mzee ukweli, leo hii, kama mwanaume. Amesema hakasiriki kwa mawese yake, anakasirika kwa sababu naweza kuwa fundi mzuri nikiuliza tu. Maneno hayo yameniingia. Nimekwenda.

Mzee Ngusa alikuwa na wakwe zake, wanamsifu. Alinishika mkono mbele yao, akaniwekea ufunguo wa banda kiganjani. Nikasema, mzee, kuna jambo kuhusu giaboksi. Akasema analijua, gari limechoka na kazi nzuri, nitalitengeneza taratibu. Nikasema ndiyo, taratibu. Ningefanyaje?

Kwa hiyo gari limesukumwa hadi bandani kwangu. Bandani kwangu! Lyamba alikuja jioni, akajikohoza, akauliza eti N ni nini. Nikamwambia ni ya ndani, siri ya kazi.

Sista Hilaria amepita pia. Ameniandikia karatasi nyingine, akasema Jumanne treni inaweza kuleta mafuta yenyewe, nisiguse chochote hadi hapo. Nimemshukuru sana. Mwanamke mwema, ila wa zahanati atajua nini habari za giaboksi? Nimekaa ndani ya gari nikatafakari kosa langu kwa unyenyekevu, na nimeliona. Mawese yanaganda. Ni hilo tu.

Alizeti haigandi. Nimeshaagiza ndoo nzima kutoka Kibaoni.