Matusi Yangu Yametangulia Mchezo

Wenzangu, leo sina pa kuuweka uso huu.

Nyinyi nyote wa kikundi chetu cha watengeneza michezo ya kompyuta, kama hamjafungua barua zangu za leo asubuhi, zifuteni. Msisome hata mstari. Kama mmeshasoma, basi someni na hii, maana maji yameshamwagika.

Nianze mwanzo. Mnanijua: Komora, karani wa mradi wa mbegu hapa Garsen. Nilitengeneza mchezo, nikauita Malka (ndiyo njia ya ng'ombe kushukia mtoni, kwa ambao hamjafika huku). Unawapitisha ng'ombe wako kati ya mashamba bila kukanyaga mpunga wa mtu, unawafikisha mto Tana, wanakunywa, mamba anawakosa, umeshinda. Niliuandika kidogo kidogo, kila jenereta la ofisi lilipowashwa na wenzangu wakaenda kula. Nikawatumia. Nikakaa kungoja sifa.

Sifa! Mlinipiga mawe. Wa Nakuru akasema mamba wangu ni jongoo. Wa Dar akasema ng'ombe wangu ni meza yenye pembe. Na Mwalimu Habiba wa Mombasa ndiye aliyenimaliza: "Ndugu Komora, ng'ombe hachapwi ndipo anywe. Ukimchapa mtoni atakimbia. Ng'ombe hupigiwa mluzi, atulie. Mchezo wako hauna mluzi. Aliyeutengeneza hajawahi kunywesha hata mbuzi."

(Ni kweli. Sisi Wapokomo ni watu wa mpunga na migomba. Lakini ndiyo aniambie mbele ya watu?)

Na Mwalimu huyo si mtu wa kununiwa. Ndiye anayekusanya michezo ya kutia kwenye disketi itakayopelekwa shule za Pwani. Alimalizia barua yake hivi: rekebisha, nitumie kabla mwezi haujaisha. Mwezi unaisha leo. Mradi wetu nao unafungwa, kompyuta zake mbili zinarudishwa Nairobi. Mchezo usipoingia kwenye disketi ile, ndiyo umekufa, maana mimi nyumbani sina kompyuta. Nina jembe.

Sasa sikilizeni balaa lilivyopikwa. Mara tu nilipopokea barua zenu, mafuriko yakaangusha nguzo za simu upande wa Minjila. Barabara ikakatika, basi likakoma kuja. Na mimi nina hasira za moto wa makuti, zinawaka ghafla, zinazimika upesi. Kila nilipokumbuka neno la mmoja wenu, nilifungua kompyuta, nikaandika jibu la kuchoma, nikabofya "Tuma". Raha yake hamuijui! Simu imekufa, kwa hiyo barua haiendi popote. Inakaa kwenye sanduku la kutoka, inangoja laini. Nikishatukana, roho inatulia. Kisha nafungua mchezo na kurekebisha kile kile mlichokisema. Ndivyo nilivyo. Natukana kwanza, natii baadaye.

Halima, mwenzangu wa ofisini, Mworma wa hapa hapa, alinionya. "We Komora, matusi hayawekwi akiba. Zifute hizo barua."

"Nitazifuta siku simu ikipona."

"Na ukisahau?"

"Halima, hii ni simu ya Garsen! Unadhani itafufuka ghafla?"

Leo asubuhi ikafufuka.

Charo, fundi wa simu, aliingia ofisini matope mpaka kiunoni. Kaja kwa mtumbwi, waya begani. Akapanda nguzo, akashuka, akapanda tena, akashuka akimlaani mtu nisiyemjua. Mwisho akainua simu ya ofisi, akaitia sikioni, meno yote yakatoka nje. "Bwana Komora! Inalia!"

Nilimkumbatia na matope yake yote. Halima akamtilia chai na kumwekea karai la maji mlangoni anawe. Mimi nikarukia kompyuta. Nikauambatisha mchezo mpya, wenye mluzi, wenye ng'ombe mwenye magoti, na nikaandika kwa adabu zote: "Mpendwa Mwalimu, nakushukuru kwa maoni yako yenye busara." Nikabofya "Tuma". Modemu ikapiga kelele zake, ikashika.

Skrini ikaandika: inatuma barua ya kwanza kati ya kumi na tisa.

Kumi na tisa? Mimi nimeandika moja!

Mama yangu. Ni matusi yangu ya akiba! Barua ya pili ikaondoka. Ya tatu. Nikabofya "Acha", kompyuta ikaganda huku inaendelea kutuma (kompyuta ya ofisi hii huganda palepale unapoihitaji). Nikapiga mbizi chini ya meza kuukamata waya wa simu.

Charo akanidaka mguu. "Usiguse! Nimening'inia juu ya nguzo tangu alfajiri, we uje kukata?"

"Charo, niache, nakufa!"

"Kufa, lakini laini usiikate!"

Tukagaragazana chini ya meza, mimi karani mwenye tai, yeye na matope yake. Halima kazi yake ilikuwa kutusomea skrini: "Ya kumi na tano imekwenda. Ya kumi na sita hiyoo." Mwishowe nikaupata waya, nikauvuta. Kimya. Nikainuka nikihema, nikaangalia.

Kumi na nane zimetumwa. Moja imeshindikana.

Ni ipi iliyoshindikana? Mnajua wenyewe. Ile ya adabu, yenye mchezo. Matusi yote yamefika Mombasa, Nakuru na Dar salama salimini, mchezo umebaki Garsen.

Nikarudisha waya huku nikijiambia labda Mwalimu leo hajafungua barua. Labda anaumwa. (Mungu anisamehe, nilimwombea kahoma kadogo.) Wakati huo mlangoni watu walishajaa. Habari kwamba simu imepona ilishazunguka mji, na kila mwenye ndugu Malindi alikuja kupanga foleni. Simu ikalia.

Charo akaiwahi. Sasa Charo ana tabia moja: akiijaribu laini, kila anachokisikia anakirudia kwa sauti, ahakikishe hakuna kilichopotea.

"Halo! Garsen hapa! Nakusikia kama umo humu chumbani! Unaitwa Mwalimu Habiba, sawa! Unamtafuta mtu aliyeandika kwamba wewe ng'ombe umemjulia buchani! Kwamba kwako ng'ombe ni kilo moja na nusu na mfupa wa nyongeza! Safi kabisa, hakuna hata mkwaruzo!"

Foleni nzima ikanigeukia. Mama mmoja akaziba mdomo kwa mtandio. Nyuma yake alisimama Mzee Dido, mfugaji, fimbo mabegani, na yeye alikuwa hacheki hata kidogo.

Nikapewa simu. "Mwalimu, samahani sana, zile barua..."

"Komora, mimi nimezaliwa zizini, bara ya Ndera, huko huko kwenu Tana. Buchani nimeingia nikiwa mtu mzima."

Aibu niliyoisikia, ningepata shimo ningeingia na kiti changu.

"Nimezisoma zote," akasema. "Ya kwanza unasema mluzi ni upuuzi. Nyingine unaniita mjuaji, halafu chini yake unasema umekwenda mtoni kutazama. Nyingine tena umenitukana vizuri sana, kisha ukaniuliza mluzi wenyewe ni wa ulimi au wa midomo. Sasa umejua?"

"Nimejua, Mwalimu. Nimeutia kwenye mchezo."

"Piga nisikie."

"Hapa? Kuna watu."

"Disketi naifunga leo. Piga."

Halima akanitazama. Charo akanitazama. Foleni ikasogea karibu, na mtu mzima mimi, mwenye tai yenye matope, nikapiga mluzi kwenye simu. Wa kwanza ukatoka mate. Mtu akacheka. Nikalowesha midomo, nikafumba macho, nikakumbuka wale wachungaji niliokaa nao ukingoni, nikapiga tena. Ukatoka. Wa chini, mrefu, mtulivu, kama wao.

Nje kukasikika kishindo.

Ng'ombe wa Mzee Dido walikuwa wamesimamishwa barabarani wakimngoja bwana wao aulizie hali ya mwanawe Mombasa. Wamengoja, wana kiu, wamesikia wanachokijua. Foleni ikavunjika, watu huku na huko, na mtamba mmoja mwekundu akaingiza kichwa mlangoni, akaliona karai la Charo, akainama, akanywa yale maji ya matope mpaka tone la mwisho.

"We Mpokomo!" Mzee Dido akafoka. "Nani kakutuma kuwaita ng'ombe wangu?"

"Kuna nini huko?" Mwalimu akauliza.

"Ng'ombe, Mwalimu."

"Wamekuja?"

"Wamekuja. Mmoja amemaliza maji ya fundi."

Simu ikanyamaza. Nikajua laini imekufa tena, na mimi nimekufa nayo. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka nami nikaanza kucheka, machozi yananitoka, sijui ni ya aibu au ya nini. "Tuma huo mchezo," akasema alipopata pumzi. "Na huyo fundi aulinde waya."

Safari hii nilifuta, nikahesabu, nikamwita Halima naye ahesabu: barua moja tu. Nikabofya. Charo akaweka kiti juu ya waya, akakaa na chai yake. Mchezo ulikwenda polepole mno, na foleni ikabidi ingoje. Kuwapoza, nikawafungulia Malka kwenye kompyuta ya pili ya mradi, ile kuukuu yenye skrini ya kijani. Mzee Dido akajipenyeza mbele, akamtazama ng'ombe wangu kwa muda mrefu. Nililingoja neno lake kuliko nilivyowangoja nyinyi.

"Amekonda," akasema. "Lakini ni ng'ombe."

Si meza, mmesikia? Ng'ombe! Wa Dar, uandike hilo mahali.

Jioni nimeufungua mtandao. Jibu la Mwalimu lilikuwepo: "Umefika. Nimeutia kwenye disketi." Nilipiga ukelele Halima akadhani nimeumwa na nyoka. Watoto wa Kulesa hapa jirani watawanywesha ng'ombe wa Tana kwenye kompyuta, wale watakaobahatika kuwa na kompyuta shuleni! Kisha nikasoma chini: "Kasoro zilizobaki ni hizi." Zimejaa ukurasa mzima. Ya kwanza: "Mamba wako bado ni jongoo."

Hasira ikapanda. Vidole vikaanza kuwasha. Nikanyanyuka, nikashuka mpaka ukingoni, nikaokota kijiti, nikamwandikia Mwalimu Habiba jibu refu sana, la kumtosha, kwenye tope. Halafu nimerudi kumpa mamba meno.

Wa Nakuru, barua yako ilikuwa ya pili, nisamehe. Na nyote mnaocheka sasa hivi, chekeni kimya kimya. Majibu yenu nimeshayaandika, ila tope halina modemu.