Chetezo Kilianza Kwangu

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. (Si kihivyo. Ilibaki kidogo tu.)

Tumeenda kwa kina Hodan hapa Garissa kuposa, mimi na abti, yaani mjomba wangu kwa Kisomali. Mimi mtoto wa Islii, Nairobi. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mama na dada watatu. Mambo ya wazee sijui hata moja. Abti akanionya mlangoni: "Macho kwa babake Hodan. Akifanya kitu, nawe fanya. Ukileta za Islii, mke huna."

Sawa. Mzee akamenya ndizi akala na wali. Nikamenya, nikala na wali. Akapiga funda la maziwa ya ngamia. Nikapiga. Mzee akaridhika: "Mashallah, kijana ana adabu." Nikavimba kichwa!

Kisha shangazi yake Hodan akaleta chetezo, ubani unafuka. Akawapita wazee wote, akakiweka mbele yangu. Eti mgeni ndiye huanza! Nikamtazama mzee. Mzee ananitazama mimi. Nikamtazama abti. Abti anachokonoa meno.

Ikabidi nifuate niliyoyaona nyumbani. Mama na dada zangu hujifukiza kila siku, kuna ugumu gani? Nikasimama, nikapanua miguu, nikainua kikoi kidogo, nikakaa nusu kuchuchumaa juu ya chetezo. Macho nimefumba kabisa. (Mama hufumba.) Moshi ukapanda mpaka ukatokea kwenye kola.

Nikafumbua jicho moja. Wazee wamekodoa macho. Kumbe wanaume hupunga tu moshi kwenye ndevu na nguo! Kusimama juu ya chetezo ni mambo ya wanawake!

Nyuma ya pazia kicheko kikalipuka, na cha Hodan nilikitambua. Mzee akainua mkono: "Kijana, bole bole. Leo tunaoza binti mmoja tu. Sasa bibi harusi ni nani hapa?"

Njiani abti amefoka: "Nilikwambia umwige mzee! Nani alikutuma kumwiga mama yako?"

Sasa hivi Hodan ameniandikia: "Wamekubali. Baba amecheka mpaka akakohoa. Ila wajomba zangu wote wanakuita Eedo."

Eedo ni shangazi.

Basi, mke nimepata. Heshima bado naitafuta. Na nikimsikia mtu anacheka hapa, wallahi pilau yangu haonji.