Habari Kuu ya Muuguzi na Picha Isiyo na Tabasamu

Je, mmepata kusikia, ninyi mnaopenda kusimuliwa habari za mashujaa walioua simba na kubomoa ngome, habari ya mwanamke aliyepigana na uso wake mwenyewe tangu saa nane mchana hata saa kumi kasoro dakika tatu, akaushinda? Kama hamjasikia, sogezeni viti. Mwenye chungu jikoni apunguze moto, mwenye mtoto mgongoni amgeuze ampe ziwa, maana habari hii haitaki haraka, na mambo yake madogo madogo ndiyo makubwa.

Alikuwako muuguzi. Bingwa wa chumba cha sindano, ngao ya watoto wenye homa, mwenye mkono mwepesi kuliko unyoya, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuna mshipa uliomkimbia asiufikie. Na silaha yake haikuwa sindano, hasha! Silaha yake ilikuwa meno. Mtoto alipoletwa akipiga mateke, muuguzi aliificha sindano nyuma ya trei ya bati, akafungua kinywa, na yale meno thelathini na mawili, yaliyopangwa kama punje za mahindi ya mbegu, yakammulika mtoto hata akasahau kulia; na alipokumbuka, pamba ilikuwa imekwisha kubandikwa. Ndiyo maana hospitali nzima, tangu mganga mkuu hata mpiga deki, ilimwita Dada Meno, naye akaitika kwa furaha.

Ikawa, hospitali moja ya nchi ya mbali, nchi ya baridi na milango inayojifungua yenyewe, ikamwandikia barua kumwita akauguze wagonjwa wao. Vyeti vikakaguliwa, vikasimama. Mtihani wa lugha akaukabili, akaulaza chali. Damu ikapimwa, kifua kikamulikwa, hakikuonekana na doa. Likabaki jambo moja tu, nalo lilikuwa dogo kama kucha: picha ya uso, upana wa vidole vitatu, ya kubandikwa kwenye fomu.

Lakini masharti ya picha ile! Yalikuwa yamebandikwa kwenye kioo cha dirisha la karani wa safari, yule apokeaye fomu za wote waendao kazini ng'ambo. Nyuma pawe peupe. Masikio yote mawili yaonekane. Mdomo ufungwe. Uso usiwe na furaha wala huzuni.

Mara mbili katika juma lile muuguzi alikuwa amelikabili dirisha hilo, na mara mbili akarudishwa. Picha ya kwanza ilikuwa na meno yote. Ya pili ilikuwa na mawili tu, ya mbele, yaliyochungulia kama majirani. Lakini karani, mwanamke mwenye miwani ya kamba, hakuwa mtu wa kupitwa na jambo.

"Dada, haya hapa ni nini?"

"Meno."

"Nayaona. Hayatakiwi."

"Mbona wananichukua nayo?"

"Watayaona ukifika," akasema karani, akaisukuma picha nje kwa ncha ya rula.

Hivyo ikaja siku ya tatu, nayo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Dirisha hufungwa saa kumi kamili, na ambaye fomu yake haijakamilika nafasi yake hupewa mwingine, barua yake ikawa karatasi ya kufungia karanga. Muuguzi akajua kwamba peke yake hataweza. Akamchukua mama yake.

Mama huyu alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare na mapazia, mwanamke ambaye hakuwahi kushindwa na kitambaa chochote, hata hariri inayoteleza kama kambale. Naye tangu barua ilipofika hakuwa na neno jingine ila, "Nenda, mwanangu, nenda." Alilisema asubuhi akimwaga chai, alilisema jioni akikunja nguo, na alilisema kwa bidii iliyozidi kidogo, hata muuguzi akawa nalo kifuani kama mwiba wa samaki: haliui, lakini halishuki.

Wakavuka barabara, wakaingia katika studio inayotazamana na ofisi ya karani. Humo alitawala mpiga picha mmoja wa makamo, aliyeitwa na mji mzima Mzee Cheka-Kidogo, kwa kuwa miaka thelathini hakupiga picha bila kutamka maneno hayo. Akamketisha muuguzi juu ya kigoda mbele ya shuka jeupe, akawasha taa mbili, akasimama wima kama jemadari, akanena:

"Binti, ondoa hofu. Mimi nimewapiga picha maharusi waliokuwa wamegombana njiani, nikawapatanisha kwa taa tu. Nimepiga picha pacha wanne, na hakuna aliyefumba jicho. Uso wako ni nini kwangu? Leo utafunga mdomo, nami nitafyatua, na saa kumi itatukuta tumeshapumzika. Tayari? Moja! Mbili! Haya, cheka kidogo!"

Meno yakatoka yote, kama jeshi lililosikia tarumbeta.

"Mzee," akasema mama, "kwani wewe uko upande gani?"

"Nisamehe, mama. Ulimi umeshazoea."

Wakarudi vitani. Moja, mbili, na ulimi wa mzee ukateleza tena. Na hata alipoung'ata usiteleze, muuguzi alipoona kile kidude kimemwelekea usoni, mazoea ya miaka kumi na mmoja yalimwambia kuwa mahali fulani kuna mtoto anayetaka kulia, akamulika. Hawa wawili, kila mmoja hodari wa kazi yake, walikuwa wanaharibiana kwa uhodari. Mara saba wakajaribu, mara saba wakaanguka. Mzee kwa uchungu akachukua leso yake ya mistari, akajifunga mdomo kwa nguvu, akakaza fundo kisogoni, kisha akainama nyuma ya kamera kama jambazi anayeumwa jino. Muuguzi alipomwona vile, akacheka mpaka akateremka kigodani.

Saa ya ukutani ikasema saa tisa na robo.

"Hebu pisha," akasema mama, na mzee akapisha. "Mwanangu, tuliza roho. Mkumbuke shangazi yako mkubwa. Kumbuka tulivyomzika."

Muuguzi akamkumbuka. Midomo ikaanza kukutana, taratibu, kama milango ya ngome. Mzee akashika kamera.

"Kumbuka watu walivyofurika," akaendelea mama kwa sauti ya kaburini, "kumbuka yule mzungumzaji aliyesimama, akamsifu marehemu nusu saa nzima... akimtaja kwa jina la mkewe..."

"Mama, acha."

"...naye mkewe mwenyewe ameketi mbele, anaitikia kila sifa, anasema ahsante..."

Na mama mwenyewe ndiye aliyeanza. Kicheko kikampanda mabegani, kikamruka kikamwingia binti, kikaruka tena kikamwingia mzee, ambaye leso ilimziba hata akakaribia kuzimia, ikabidi muuguzi ainuke amfungue fundo, ampime mapigo ya moyo, amketishe na kumpepea. Dakika kumi na mbili zikapotea katika uokozi huo.

Ndipo mama akaona kwamba vita vya nusu nusu havileti ushindi. Akamshika binti mabega. "Basi sikia. Umekwenda. Mimi nimebaki peke yangu. Naumwa. Naita, na nyumba haina wa kuitika."

Neno hilo lilichoma. Tabasamu likafa pale pale, mdomo ukafungika, na mzee akafyatua! Mashine ikaguna, ikaitema picha, mama akaichukua ikiwa moto bado, akakatiza barabara mbele ya malori mawili na mkokoteni. Karani akaishika, akainua miwani.

"Huzuni," akasema.

"Wapi?"

"Shavu la kushoto. Hili ni chozi. Na hapa pua imevimba. Nchi ile haitaki mtu anayelia, mama. Itauliza analia nini."

Mama akarudi ameinamisha kichwa, na leso ya mzee ikatumika kufutia macho. Sasa ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Muuguzi akajaribu kuuzuia uso kwa nguvu: akakaza taya, akavuta pumzi, akafanana na mtu aliyemeza kijiko. Akajaribu kuwaza ukuta; akakumbuka ukuta wa wodi na mtoto aliyeulamba; akacheka. Akaona nchi ya mbali inasogea mbali zaidi, ikifunga milango yake yenyewe.

"Mama," akasema, "imeshindikana. Twende nyumbani. Nirudi kwenye chumba changu nilale."

Mama aliposikia maneno hayo alishtuka kama aliyekalia pini. Akaketi kwenye benchi, akainuka, akaketi tena. Akapangusa paji la uso kwa kiganja.

"Mwanangu, kuna neno."

"Sema, mama."

"Hicho chumba."

"Kimefanya nini?"

"Nimekwisha kukipima."

Muuguzi akamtazama. Nyuma ya kamera, mzee akasogeza sikio.

"Cherehani itakaa pale dirishani," mama akaendelea, maneno yakimtoka sasa kama uzi unaofumuka kwenye kidonge chake, "penye jua la asubuhi, maana kule kwangu giza limenimaliza macho. Meza ya kukatia itasimama penye kabati lako. Kitanda nimemwahidi jirani, alikuja kukiona Jumatano ulipokuwa zamu, amekipenda. Na mapazia nimeshayakata. Ya maua."

"Tangu lini?"

"Si zamani."

"Mama. Tangu lini?"

"Siku ile barua ilipofika. Ulipokwenda kuoga."

Enyi msikiao, shikeni vifua! Hapo likatukia jambo ambalo hakuna mpiga picha aliyewahi kulinasa. Furaha iliyokuwa usoni pa muuguzi ikatoka, kama mgeni aliyegundua ameingia nyumba siyo. Huzuni ikaja mpaka kizingitini, ikachungulia, haikujua iingie kwa sababu gani, ikarudi. Nyusi zikatulia. Mashavu yakashuka mahali pake. Mdomo, ule mdomo usiowahi kufungwa na radi wala daktari mkali, ukajifunga wenyewe, na masikio yote mawili yakaonekana, kwa kuwa yalikuwa yamesimama. Uso ukabaki mtupu, kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

Na Mzee Cheka-Kidogo, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, akayasahau maneno yake. Akafyatua.

Wakavuka barabara wote watatu, mzee akiwa na picha mbele kama bendera, studio imeachwa wazi. Karani alikuwa na mkono juu ya pazia la dirisha. Akaipokea picha. Akaipima kwa rula, juu, chini, kushoto, kulia. Akaivutia machoni.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hana furaha."

"Hana."

"Hana huzuni."

"Hana."

"Sasa ana nini?"

"Ana habari mpya," akasema mama, akitazama viatu vyake.

Karani akayasoma tena masharti yake mstari kwa mstari, na habari mpya haikukatazwa popote kwenye karatasi. Kisha akainua muhuri, akaushusha juu ya fomu, na kishindo chake kilikuwa kama mizinga ya ushindi, kalamu zikaruka mezani, na nzi aliyekuwa dirishani akahama. Saa kumi kasoro dakika tatu! Na iandikwe popote watu wanapojua kuandika, kwamba siku hiyo, mbele ya mashahidi watatu, uso wa mwanadamu ulitiishwa, na Dada Meno, mfungaji wa kisichofungika, aliingia katika idadi ya washindi. Mzee aliinua leso akapungia hewani. Watu wawili waliokuwa wakisubiri kwenye mlango wa pili walipiga makofi bila kujua sababu.

Nje, kwenye ngazi za ofisi, mama na binti wakaketi kupumzisha miguu.

"Mapazia ya maua?" akauliza muuguzi.

"Ya manjano. Yamebaki pindo."

Wakatazama magari. Mama akamgusa binti kwa kiwiko. "Haya, sasa cheka. Imeshapita, umeruhusiwa."

Muuguzi hakucheka. Akaweka kichwa kwenye bega la mama yake, akasema, "Mama, mimi nilitaka uniambie, 'Usiende.' Mara moja tu. Ningekwenda vile vile."