Kipande cha Nasike Kimepata Thelathini na Tano

Jumatatu, 10 Februari 2025
Aibu! Nasike wangu, namba moja tangu Form One, amerudi hapa Kimumu na 0.35. Thelathini na tano! Jepchirchir wa mlango wa pili amepata 0.52. Mama yake amenisalimia pale kwenye kamba ya nguo, meno yote nje.

Nasike anasema hizo si maksi. Unavuta kipande cha mbao mezani kwa mizani ya springi, polepole, mwendo mmoja. Nguvu ya kuvuta unaigawa kwa uzito wa kipande. Jibu linaonyesha vile mbao inang'ang'ania meza, basi. Nimemwambia nilimaliza darasa la nane, thelathini na tano naijua.

Ijumaa wazazi tumeitwa. Mwalimu Ondiek atachagua mradi mmoja wa kwenda mashindano ya sayansi ya kaunti. Mtoto anataka kwenda mpaka ugali haushuki. Lazima nimsaidie. Kimya kimya.

Jumanne, 11 Februari
Nimetumia akili. Kitu kizito huvutwa kwa nguvu zaidi, kwa hivyo namba itapanda. Nasike akiwa ameenda maji, nikafunga paketi ya unga kilo mbili juu ya kipande. Nikavuta. Mizani ikatoka tatu na nusu mpaka kumi na nusu! Nikapiga vigelegele. Nasike akanifuma.

Akagawa. Kumbe uzito nao ulikuwa umetoka kumi mpaka thelathini, maana kila kilo wao wanaihesabu kumi. Jibu: 0.35. Ileile! Unga wote huo!

Lakini amenikumbatia. Anasema hicho ndicho kilikosekana kwa mradi: ongeza mzigo, namba haisongi. Nimemjulisha Mama Jepchirchir kwamba mradi tunafanya wawili. Akauliza kama nitashonewa na sare. Mwanamke huyu!

Alhamisi, 13 Februari
Leo ndiyo leo. Mume wangu Lusweti alitupa ndara yake ya akala iliyokatika. Nasike akiwa shule, nimekata ule mpira wa tairi, nikaubandika kwa gundi chini ya kipande. Nikavuta. Saba na kitu! Hiyo ni 0.72. Sabini na mbili! Lusweti ameuliza naimba nini saa ya kupika. Nimemwambia mama wa mshindi haulizwi.

Ijumaa, 14 Februari
Kitenge kipya, kiti cha mbele. Nasike akavuta watu wote wakiangalia. Daftari linasema 0.35, akigawa ya mizani anapata 0.72. Mwalimu Ondiek akavua miwani. Akauliza hizi namba alizipima au alizipika. Mama Jepchirchir akakohoa kikohozi cha furaha.

Midomo ya mtoto wangu ikaanza kutetemeka. Nikasimama. Nikasema hapo chini kuna akala, na aliyeibandika ni mimi, nilitaka apate sabini. Kicheko! Baba mmoja aliyetoka Burnt Forest akaangusha kofia.

Nasike hakucheka. Akageuza kipande, akavuta upande wa mbao: 0.35. Akawaeleza kwamba kilo mbili za unga hazikubadilisha kitu, lakini akala moja imebadilisha kila kitu. Kwa hivyo namba ni ya vitu viwili vinavyosuguana, si ya mzigo. Mwalimu akapiga makofi. Akamchagua! Nililia mpaka kitenge kikalowa.

Njia nzima Nasike amenisihi nisiguse kipande chake tena. Nikaapa.

Jumamosi, 15 Februari
Nimewaza vizuri. Jepchirchir na hamsini na mbili yake ameshindwa. Akala na sabini yake ilitaka kutuua. Thelathini na tano ndiyo imeshinda. Kumbe siku hizi wanataka namba ndogo! Mngesema mapema!

Basi kwa kaunti tushuke. Ishirini. Kumi, Mungu akipenda. Kipande sigusi, kiapo ni kiapo. Lakini meza sikuiapia. Nimenunua kopo la nta ya sakafu, ile nyekundu inayoangusha wageni. Pia nimempigia mlinzi wa ukumbi wa mashindano kuuliza wanafungua saa ngapi. Akauliza mimi ni nani. Nikamwambia mtaalamu wa msuguano.