Saa Zote Nane na Robo

Jumatatu, 9 Juni

Leo, dukani kwa mume wangu, fundi saa, sikumjibu wifi. Nina wiki tatu tu za ndoa, sitaki kuvunja heshima. Lakini jamani! Ati nirudi jikoni, kaunta ina mwenyewe! Yeye, kama dada mtu, hupokea saa mbovu na kuandika daftari. Mimi nakitaka kile kiti chake. Kiko hatua mbili tu kutoka kwa mume wangu! Nikikipata, kutwa nitamtazama fundi wangu akikunja uso juu ya vigurudumu. Ameahidi: wifi akienda kujifungua mwezi ujao, kiti ni changu, mradi nionyeshe kuwa najua kupanga vitu. Mimi tena!

Jumanne, 10 Juni

Nimekagua rafu. Aibu! Saa arobaini, ya dhahabu imelalia ya plastiki. Wifi anadai zimepangwa: zilizopona, zinazongoja vipuri, na zisizo na matumaini. Mume wangu naye ana mpango wake kichwani: za wateja wapole chini, za wakorofi juu. Rafu moja, mipango miwili, na hakuna hata mmoja wenye mapenzi ndani yake. Kesho wakienda kula, nabaki.

Jumatano, 11 Juni

Nimemaliza! Kushoto saa za wenye ndoa, katikati wachumba, kulia wapweke, maskini; kila upande nimebandika jina lake. Nimekisia kwa mikanda. Kisha wazo la ajabu: mishale yote nimeisogeza hadi nane na robo, dakika ile mume wangu aliponikubali mbele ya watu. Saa arobaini zikisema neno moja! Nimelia.

Alhamisi, 12 Juni

Wifi kapiga yowe, nikadhani uchungu umemshika. Kumbe ni daftari. Saa nyingi zilitolewa na kiwanda kimoja kwa wafanyakazi wake, zinafanana kama punje za mchele. Vibandiko huanguka. Kwa hiyo wao huandika mahali mishale ilipofia: ya kinyozi tatu na dakika saba, ya mwalimu tano kasoro kumi. Nani angejua? Wifi kauliza kama nimefurahi sasa, marehemu wote wamekufa dakika moja, hatujui tuzike yupi wapi. Ana mdomo huyo!

Ijumaa, 13 Juni

Wateja wamejaa. Kinyozi kaonyeshwa saa tatu, zote kazikataa. Ya nne kainusa, kasikia poda, kaondoka nayo. Mwalimu kaniuliza kwa nini yeye yuko kwa wapweke. Nikamwambia mkanda wake una huzuni. Mkewe alikuwa nyuma yake.

Jumamosi, 14 Juni

Kiti kimekwenda kwa binamu yao. Nimelia kidogo. Mume wangu kanifuta machozi, kasema moyo wangu anautaka, mikono yangu anaiogopa. Ameutaja moyo kwanza! Halafu akaniomba nisikanyage dukani hadi mwakani. Ni wazi: nikiwa karibu, macho yake hayabaki kwenye saa.

Jumapili, 15 Juni

Nimempigia mama mkwe, nikajitolea kumpangia vitu vyake. Kasema kabati lake la dawa liko sawa, kila chupa na siku yake. Siku! Mpango gani huo? Dawa hupangwa kwa rangi. Nimemwahidi kabla mwezi haujaisha nitakuwa mlangoni kwake, na vibandiko vyote vya zamani nitavibandua mwenyewe. Kakata simu papo hapo, mama wa watu. Furaha ilimzidi. Asiwe na wasiwasi: naja.