Kindi wa Chumba cha Mbele

Jumatatu, 4 Septemba 2017, Bellevue
Mke wangu Samira anaingia Jumapili! Mama mkwe kapiga simu kutoka Tanga: mwanawe hatalala kwenye kichumba changu hiki cha kujikunja. Nisipokuwa na chumba cha maana, anakwenda kwa shangazi yake wa hapahapa mjini, mtaa wa Fordsburg, Bi Kidawa, na kumtoa kule ni kazi. Nikamjibu chumba kikubwa ninacho tayari. Chumba cha mbele kiko wazi. Lakini Mama Jeannine, mwenye nyumba, kasema mpangaji mwenzangu Pitchou naye anakitaka, ataamua Ijumaa. Pitchou! Mlinzi, hana mke, anakitakia nini?

Jumanne, 5
Dawa nimeipata. Juu ya dari ya chumba kile anaishi kindi mwekundu. Anaingia kwa tundu la chini ya bati, mdomoni pamba. Nikammwagia karanga. Kazibeba zote, moja moja, kwenda kuzificha. Purukushani hiyo! Nikamwita Pitchou asikilize, nikamnong'oneza kwamba sisi watu wa Tanga vishindo vile tunavijua, ni jini. Jasho likamtoka.

Jumatano, 6
Pitchou hakugusa bukari yake, ugali wa kwao, mchana. Nimeongeza karanga. Siku nne tu.

Alhamisi, 7
Eish! Pitchou kaleta kanisa. Waumini kumi na wawili, ngoma mbili, na mama mmoja, Agnès, mwenye sauti ya king'ora. Wamekemea dari tangu asubuhi hadi alasiri. Nikamkimbilia Mama Jeannine, nikamwambia ni kindi tu jamani. Akaniuliza kwa upole, kwa nini basi nilisema ni jini?

Ijumaa, 8
Dari ya mbele kimya. Pitchou kapewa ufunguo. Mama Jeannine kasema aliyekiombea chumba ndiye mwenyewe. Nimetoka msikitini, nimejilaza chumbani kwangu, roho inaniuma. Juu yangu: kwaru, kwaru. Nikatoka kutazama. Kindi huyo juu ya bati, mdomoni kitoto. Kakiingiza kwenye dari yangu, karudi kuchukua kingine. Vinne! Ngoma zimemhamisha, kaja kwangu.

Jumapili, 10
Samira kafika na shangazi yake. Kafungua mlango. Mto mpya niliomshonea umechanwa, pamba yake imepandishwa darini kupitia tundu jipya juu ya kitanda. Bi Kidawa kasonya. Samira kanishika mkono.

"Nassir, ungeniambia tu ukweli. Ningelala hata sakafuni."

Nikalia, wallahi. Lakini shangazi alishageuka na begi, naye Samira akamfuata.

Nimekaa kitandani mchana kutwa nikiwaza. Nimekata shauri: kuanzia leo ni ukweli mtupu. Kisha nikaenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua karanga kilo mbili. Kindi ninaye. Nyumba ya Bi Kidawa nayo ina dari, na nasikia majini anayaogopa sana.